Kinachong'aa kinakula nini? Historia ya rangi za mwanga na wanawake walioilipia



Msimu wa harusi umeingia, na safari hii maswali si ya mishono na hina peke yake. Wengi mnaulizia rangi zinazong'aa. Mmeona kumbini: taa kubwa zinazimwa, zinawashwa zile taa za zambarau, na mara moja gauni la bibi harusi linakuwa jeupe la kibuluu, majina ya maharusi yanajitokeza ukutani, na maua yaliyopakwa rangi yanawaka kijani na chungwa. Wengine mnataka nyota za kubandika kwenye dari ya chumba cha watoto. Wengine mnaulizia rangi za kucha na za usoni.

Kabla sijakwambia ununue ipi, naomba tukae kidogo na historia. Swali la kwanza la kuuliza kabla hujafungua kopo la rangi ya kung'aa ni hili: mwanga wake unatoka wapi? Waliotufundisha kuliuliza ni wanawake, wengi wao mabinti wadogo, na somo hilo walililipia kwa mifupa yao.

Mwanga wa aina tatu

Hakuna kinachong'aa bure. Kila mwanga una chakula chake, na rangi za kung'aa ziko za aina tatu kwa namna zinavyokula.

Aina ya kwanza hula miale ya urujuanimno, ile miale ya jua tusiyoiona kwa macho lakini inayounguza ngozi. Rangi huipokea miale hiyo na kuitoa papo hapo ikiwa mwanga unaoonekana. Ukizima taa, na yenyewe imezima. Hizi ndizo rangi za floresenti, na ndizo za kumbini.

Aina ya pili huweka akiba. Unaianika kwenye mwanga, kisha ukizima taa inaendelea kung'aa kidogo kidogo mpaka akiba iishe, mfano wa jiko la mkaa lililoachwa na makaa. Nyota za dari ya watoto ni za aina hii.

Aina ya tatu haihitaji taa wala jua. Ndani yake mmewekwa kitu kinachotoa mionzi usiku na mchana, na mionzi hiyo ndiyo inayoilisha rangi.

Zote tatu zikiwa zinang'aa, si rahisi jicho peke yake kuzitofautisha. Zote ni nzuri, zote zinavutia.

Kutoka jiwe la Bologna hadi kwinini

Mwanzoni mwa miaka ya 1600, fundi viatu mmoja wa mji wa Bologna, Italia, aitwaye Vincenzo Casciarolo, alichoma jiwe zito alilolikuta mlimani karibu na mji wake. Alitaka kupata dhahabu. Dhahabu hakuipata, ila jiwe lile likiwekwa juani kisha likaingizwa gizani lilikuwa linang'aa. Watu walikuja kulitazama kutoka mbali, na wataalamu waliandika vitabu juu yake. Hiyo ilikuwa aina ya pili, ya akiba.

Mwaka 1801, Mjerumani Johann Wilhelm Ritter aligundua kwamba pembeni ya rangi ya zambarau ya upinde wa mvua kuna miale isiyoonekana, ambayo hata hivyo inageuza chumvi ya fedha kuwa nyeusi. Miale hiyo ndiyo tunayoiita leo urujuanimno. Kisha mwaka 1852, George Gabriel Stokes wa Cambridge, Uingereza, aliichunguza kwa kutumia maji yaliyotiwa kwinini, dawa ile ile chungu ya homa ya malaria. Kwa macho maji yale ni meupe tu, lakini yakiguswa na miale isiyoonekana yanatoa buluu. Stokes ndiye aliyeipa hali hiyo jina la floresenti, kwa jina la jiwe moja lenye tabia hiyo.

Usidhani mambo haya yako mbali na jiko lako. Manjano, hii hii tunayotia kwenye urojo, inang'aa njano ya kijani chini ya taa ya UV. Mafuta mazito ya kupaka yatokanayo na petroli yanatoa buluu. Meno yako pia yanang'aa.

Rangi iliyopakwa kwa midomo

Mwaka 1898 mjini Paris, Marie Curie na mumewe Pierre waligundua madini ya radiamu. Yalikuwa adimu na ghali mno, na yalitoa mwanga hafifu wenyewe. Dunia iliyapenda. Kilichokuwa na jina la radiamu kilinunuliwa, na hata sisi wanawake hatukusahauliwa: katika miaka ya 1930 Ufaransa iliuza krimu ya uso iitwayo Tho-Radia, ikitangazwa kuwa na radiamu ndani yake.

Vita Vikuu vya Kwanza vikaleta haja mpya. Askari kwenye mahandaki walitaka saa zinazosomeka usiku bila kuwasha kiberiti. Ikatengenezwa rangi iliyouzwa kwa jina la Undark: chembe kidogo sana za radiamu ndani ya unga wa zinki salfaidi. Radiamu inatoa mionzi, zinki salfaidi inaila mionzi hiyo na kutoa mwanga. Aina ya tatu.

Tangu 1917, kiwanda kilichokuwa katika mji wa Orange, jimbo la New Jersey, Marekani, kiliajiri wanawake kupaka rangi hiyo kwenye tarakimu za saa. Wengi walikuwa na umri wa ujana, na baadhi walikuwa na miaka 14 au 15 tu. Kazi ilikuwa safi, ya kukaa, na mshahara wake ulizidi wa kazi nyingi za mabinti wa wakati ule. Dada alimwita mdogo wake, binamu akamwita binamu.

Tarakimu za saa ni ndogo, na brashi ikitanuka inaharibu. Walifundishwa kuichonga ncha ya brashi kwa midomo. Mdomoni, kwenye rangi, kwenye saa, kisha tena mdomoni. Hivyo hivyo siku nzima, saa kwa saa, wiki kwa wiki.

Tafadhali usiseme walikuwa wajinga. Waliuliza. Mmoja wao alieleza baadaye kwamba jambo la kwanza walilouliza lilikuwa kama kitu hiki kina madhara, wakajibiwa hakina. Lakini katika maabara ya kampuni hiyo hiyo, wakemia walikuwa wakijikinga kwa ngao za madini ya risasi na kuishika radiamu kwa koleo.

Mabinti wale walirudi nyumbani jioni nywele na nguo zikiwaka. Baadhi walivaa magauni yao mazuri kazini ili wang'ae wakienda dansini usiku. Wapo waliopaka kucha zao, na wapo waliopaka meno kwa mzaha. Ni dada zetu tu, walipenda kupendeza kama tunavyopenda sisi.

Kaburi la Mollie

Mwili huidhania radiamu kuwa ni kalsiamu, kwa hiyo huipeleka kwenye mifupa na kuihifadhi huko. Ikishakaa ndani ya mfupa, inaupiga mionzi bila kupumzika.

Yalianza meno. Jino linang'olewa, kidonda hakiponi. Kisha taya linaoza na kumeguka. Mollie Maggia alifariki Septemba 1922 baada ya mateso ya karibu mwaka mzima, akiwa bado kijana. Cheti chake cha kifo kiliandikwa kwamba ameuawa na kaswende.

Hebu fikiria uzito wa neno hilo kwa familia. Binti hayupo tena wa kujitetea, na karatasi ya serikali inamtaja kwa ugonjwa wa aibu. Dada zake wawili, Quinta na Albina, nao walifanya kazi katika kiwanda hicho, na wao pia wakaanza kuugua.

Mwaka 1925 daktari Harrison Martland, aliyekuwa mchunguzi wa vifo wa wilaya, alithibitisha kwamba radiamu ilikuwa ndani ya miili ya wafanyakazi hao. Oktoba 1927 kaburi la Mollie likafukuliwa kwa ajili ya kesi. Dalili ya kaswende haikuonekana. Mifupa yake ilikuwa imejaa mionzi. Miaka mitano baada ya kuzikwa, Mollie alisafishwa jina lake na mifupa yake mwenyewe.

Aliyeisukuma kesi hiyo alikuwa Grace Fryer. Alitafuta wakili kwa takriban miaka miwili, na hata alipompata Raymond Berry, sheria ya New Jersey ilikuwa inampa mgonjwa miaka miwili tu ya kushtaki, wakati ugonjwa wenyewe ulichukua muda mrefu zaidi kujitokeza. Waliungana wanawake watano: Grace, Quinta, Albina, Edna Hussman na Katherine Schaub. Mwaka 1928 walipofika mahakamani, baadhi hawakuweza hata kuinua mkono kula kiapo. Juni mwaka huo yalifikiwa mapatano: kila mmoja dola 10,000, dola 600 kila mwaka maisha yake yote, na gharama za matibabu. Mwaka huo huo alifariki Sabin von Sochocky, mtu aliyeibuni rangi yenyewe. Damu yake ilikuwa imeharibiwa na mionzi.

Ungedhani mambo yaliishia hapo. Katika mji wa Ottawa, jimbo la Illinois, kampuni nyingine iliendelea na kazi ile ile, na ilitangaza gazetini kwamba wafanyakazi wake wako salama. Ilikuwa imewapima wanawake hao, lakini majibu hawakupewa. Mmoja wao, Catherine Wolfe Donohue, mke na mama wa watoto wawili, alianguka katika kikao cha shauri lake mwaka 1938. Kikao kikahamishiwa nyumbani kwake, akatoa ushahidi akiwa amelala kwenye kochi, mwili umebaki mifupa. Wakili wake, Leonard Grossman, hakumtoza malipo. Catherine alishinda, na Julai mwaka huo akafariki. Kampuni ilikata rufaa mara kwa mara, mpaka Mahakama Kuu ya Marekani ilipokataa kuisikiliza mwaka 1939.

Vipimo vilivyotokana na miili ya wanawake hawa ndivyo vilivyotumiwa Marekani mwaka 1941 kuweka kiwango cha radiamu ambacho mwili wa mfanyakazi haupaswi kukivuka. Kesi zao zilisaidia kuimarisha haki ya mfanyakazi kudai fidia kwa ugonjwa alioupata kazini.

Mwanga wa upande mwingine

Grace Fryer alifariki Oktoba 1933. Mwaka huo huo, upande wa pili wa Marekani, California, kijana aitwaye Bob Switzer alianguka kazini na kuumia kichwa hadi macho yakapata hitilafu. Alishauriwa akae chumba chenye giza. Ndugu yake Joe alikuwa mpenzi wa kemia na wa mazingaombwe. Ndugu hao wakachukua taa ya urujuanimno na kupita nayo gizani katika duka la dawa la baba yao, wakitazama kipi kwenye rafu kinang'aa. Vilivyong'aa wakavichanganya na vanishi, wakapata rangi za kutumia kwenye maonyesho ya Joe.

Rangi zao hazikuwa na radiamu. Zilikula miale ya taa, na baadaye wakapata zilizotosheka na urujuanimno uliomo ndani ya jua la mchana. Ndiyo maana zinaonekana kama zina moto ndani yake hata saa sita adhuhuri. Inasimuliwa katika historia ya kampuni yao kwamba kitambaa cha kwanza walichokitia rangi hiyo kilikuwa gauni la harusi la mke wa Bob. Katika Vita Vikuu vya Pili, vitambaa vya aina hiyo vilitandazwa ardhini Afrika ya Kaskazini ili ndege za Marekani ziwatambue askari wao. Mwaka 1969 kampuni ilichukua jina la Day-Glo.

Leo fulana ya njano au chungwa ya bodaboda inafanya kazi kwa njia hiyo hiyo. Ule utepe wa fedha unarudisha taa ya gari usiku. Rangi yenyewe ndiyo inayokula miale ya jua mchana.

Na gauni jeupe la kumbini? Bibi zetu walisuuza nguo nyeupe kwa buluu ili umanjano usionekane. Sabuni nyingi za unga za siku hizi zina kemikali zinazokula urujuanimno na kutoa mwanga wa buluu, na viwanda vya nguo huzitia tangu kitambaa kinapotengenezwa. Ule weupe wa kung'aa unaouona kwenye kanzu iliyofuliwa vizuri, sehemu yake ni floresenti.

Nyota za watoto nazo zimebadilika. Mwaka 1993 kampuni ya Nemoto ya Japani ilipata unga mpya, strontiamu alumineti, unaohifadhi mwanga kwa saa nyingi bila mionzi yoyote. Radiamu ilikwisha kuachwa kwenye saa tangu miaka ya 1960 hivi.

Basi, dada yangu, uchague vipi?

Uliza inakula nini. Ikiwa inang'aa taa ikiwaka na kuzima taa ikizimwa, ni floresenti. Ikiwa inahitaji kuanikwa kwanza, ni ya akiba. Ukirithi au kununua saa ya zamani sana yenye tarakimu zilizopakwa rangi ya kung'aa, usiifungue, usiikwangue, na usimpe mtoto aichezee. Hata kama haing'ai tena usijidanganye. Kinachochakaa ni zinki salfaidi. Radiamu hupungua nusu tu baada ya miaka 1,600.

Kwa mapambo ya ukutani, chukua rangi ya floresenti ya maji, upake kwanza weupe chini yake, la sivyo itafifia. Iweke ndani, kwa sababu jua linaziua rangi hizi haraka.

Kwa nguo, tafuta tochi ndogo ya UV kama ile ya kukagulia noti, uende nayo dukani. Vitambaa viwili vinavyolingana kwa weupe mchana vinaweza kupishana kabisa chini ya taa hiyo: satini ya kiwandani ikawaka, na hariri ya asili ikaonekana imefifia. Jaribu gauni, shela na poda ya uso pamoja. Buibui nalo, kila uzi na vumbi jeupe litaonekana, kwa hiyo lipitishie brashi. Na aliyewekewa jino la bandia ajue kwamba linaweza kuonekana jeusi.

Kwa ngozi, usikubali rangi ya ukutani au ya kitambaa ipakwe usoni hata kwa dakika tano. Tunauliza piko imechanganywa na nini. Na hii tuiulize vivyo hivyo. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani imeidhinisha rangi chache tu za kung'aa kwa vipodozi, na hizo haziruhusiwi karibu na macho. Kopo lisilo na orodha ya viambato liache dukani. Hapa kwetu Zanzibar, ukiwa na shaka na kipodozi, Wakala wa Chakula na Dawa ndio wa kuuliza.

Mwisho ni taa yenyewe. Taa za mapambo ziwe za urujuanimno wa mawimbi marefu, zielekezwe kwenye mapambo na si kwenye macho ya watu, na zisiwashwe usiku kucha. Taa za kuulia vijidudu ni kitu kingine kabisa na hazifai kuwashwa penye watu. Novemba 2023, wageni wa sherehe moja mjini Hong Kong waliamka macho yakiwaka moto, na waandaaji wakasema baadaye kwamba inaelekea taa za urujuanimno ndizo zilizosababisha. Muulize mpambaji wako ni taa gani analeta, na zitakaa wapi.

Akikwambia "haina madhara" bila kukuonyesha kilichoandikwa, mkumbuke Mollie na wenzake. Nao waliambiwa hivyo hivyo. Mwambie akuletee kopo lenyewe usome, au umtafute mpambaji mwingine.

Harusi njema kwa wote walio na shughuli mwezi huu. Tukutane tena wiki ijayo, inshaAllah.